Mwenzio Akiondoka Tanga kwa Baiskeli Wakati wa Kiangazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tanga baiskeli si habari. Samaki wanatoka soko la Deep Sea kwa baiskeli, watoto wanapelekwa shule juu ya keria, na bibi wa miaka sitini anapita Ngamiani anakanyaga pedali taratibu, kapu mbele. Habari ni pale mtu mzima mwenye kazi na watoto anapotangaza mezani kwamba Januari anakwenda Mwanza kwa baiskeli. Kuanzia hapo maswali yanamiminika, na mengi hayamwendei yeye. Yanakuja kwa aliyebaki. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya huyo aliyebaki. Nimezoea kusema "yeye" nikimaanisha mume kwa kuwa ndiye aliyeondoka kwangu, lakini anayebaki akiwa mume, asome vilevile. Swali lake liko mbele.

Kwa nini Januari? Si aende Juni?

Mwulize, na ukiweza mshawishi. Wengi huchagua Januari na Februari kwa sababu ya likizo, na kwa sababu huku pwani ndipo mvua za vuli zimekwisha na masika hayajafika. Barabara kavu. Tena kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo anayetoka Tanga kuelekea Segera na Chalinze anasukumwa mgongoni.

Tatizo ni kwamba kiangazi hicho ni chetu sisi wa pwani. Dodoma, Singida na Shinyanga wana msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo mtu anatoka kwenye fukuto la Tanga, nyuzi joto 32 au 33 na hewa nzito kama ya jikoni, akishapita Morogoro anaingia kwenye radi. Hizo ni hali ya hewa mbili, na kila moja ina maandalizi yake. Anayekwambia "ni joto tu" hajaangalia kalenda ya upande wa pili. Juni na Julai bara ni kukavu na asubuhi kuna ubaridi. Mimi ningechagua Juni. Lakini likizo haipangwi na mke, basi tuendelee na Januari.

Njia yenyewe ni ipi, na inachukua muda gani?

Tanga, Muheza, Segera, halafu kusini kupitia Kabuku, Mkata na daraja la Wami hadi Chalinze. Hapo anashika barabara ya Morogoro, anapita Dumila, Gairo, Kibaigwa hadi Dodoma. Kisha Bahi, anapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, Ikungi, Singida, anashuka Sekenke kwenda Shelui na Igunga, halafu Nzega, Tinde, Shinyanga, Mwanza. Jumla kama kilomita 1,300. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa siku na siku za kupumzika, hesabu wiki tatu. Akikuambia wiki mbili, mwambie akuoneshe hesabu yake kwenye karatasi.

Kipande cha Chalinze hadi Morogoro ndicho kinachonikosesha usingizi kuliko simba, radi na jua. Malori ni mengi na yana haraka. Akipite asubuhi sana, na avae kizibao cha kung'aa hata kama anaona aibu kufanana na bodaboda.

Kazi yangu mimi hasa ni nini?

Kufikiri wakati yeye amechoka kufikiri. Mengine yote, dua, chakula cha kufungasha, salamu, ni nyongeza nzuri juu ya hilo.

Mtu aliyekanyaga kwa saa tano kwenye jua hana akili ileile aliyoondoka nayo. Joto linapunguza uamuzi kabla halijapunguza miguu, na mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Atakwambia "nimebakiza kilomita ishirini tu, namalizia", na kwake hiyo ni hoja kamili. Wewe umekaa kivulini, umekunywa chai, una ramani na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa mbele yako. Ndiyo maana maamuzi makubwa yanafanywa nyumbani kabla ya safari, yanaandikwa, na wote wawili mnakubali kwamba barabarani hayajadiliwi upya.

Karatasi yetu ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji, nakala nyingine ndani ya mfuko wake wa usukani. Saa tano asubuhi anakuwa kivulini, popote alipo. Giza likiingia hakanyagi. Radi ikisikika anasimama. Maji yanayopita juu ya barabara hayavukwi. Akitapika, siku hiyo imekwisha. Na sharti alilolikataa kwa muda mrefu kuliko yote: mimi nikisema "panda basi", anapanda, kisha tunagombana akiwa ameshakaa kitini. Haki hiyo niliipata kwa kuahidi kwamba sitaitumia kwa sababu nimemkumbuka.

Mume wangu kazaliwa Tanga. Joto si ameshalizoea?

Amezoea kukaa kwenye joto. Kufanya kazi ngumu ndani yake ni jambo jingine. Mwili unahitaji kama siku kumi hadi kumi na nne za kutoka jasho kwa mazoezi kabla haujabadilika: unaanza kutoa jasho mapema, jasho linapungua chumvi, moyo haupigi kwa kasi ileile. Mtu wa ofisini mwenye feni juu ya kichwa hana mabadiliko hayo hata kama ukoo wake wote umezikwa Chumbageni.

Na fukuto letu lina ubaya wake. Jasho linapooza mwili pale tu linapokauka. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho linadondoka chini na joto linabaki ndani. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya safari afanye mazoezi mchana, kwa kuongeza kidogo kidogo: nusu saa, dakika arobaini, hadi saa moja na nusu. Aende Pongwe arudi, au barabara ya Amboni. Akiacha mazoezi hayo kwa wiki chache, faida inapotea, kwa hiyo yasifanyike Novemba kwa safari ya Januari.

Aanze na kuishia saa ngapi?

Saa kumi na mbili asubuhi, mara kukipambazuka. Saa tano ameshuka. Saa kumi jioni akijisikia anaongeza kidogo, na saa kumi na mbili kasoro yuko gesti.

Abebe maji kiasi gani?

Usimpe kipimo cha mtu mwingine. Mpimie chake. Siku ya mazoezi mpandishe kwenye mizani kabla hajaondoka, akiwa na nguo ya ndani tu, na akirudi baada ya saa moja ajifute jasho apande tena. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Jumlisha na alichokunywa njiani. Wapo wanaotoka nusu lita kwa saa, wapo wanaotoka lita moja na nusu, na kwenye joto kali hata mbili. Wangu alikuwa wa jasho jingi, fulana yake ikikauka ilikuwa na mistari meupe ya chumvi kifuani na mgongoni. Mtu wa namna hiyo maji matupu hayamtoshi.

Hapa pana kosa ambalo watu wenye mapenzi hulifanya: "Kunywa, kunywa, kunywa!" Maji matupu mengi kupita kiasi yanapunguza nguvu ya chumvi kwenye damu. Dalili zake zinafanana na za joto: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Tofauti ni kwamba huyu anakojoa maji meupe kila mara, na pete imembana kidole kwa kuvimba. Anywe akiwa na kiu na kidogo kidogo, na mkojo uwe wa njano nyepesi. Rangi ya chai ya rangi, amechelewa.

Pakiti za ORS zipatikanazo duka la dawa ni nyepesi na hazichukui nafasi. Mwekee za kutosha. Zikimwishia, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Asiongeze chumvi kwa kudhani inaongeza nguvu. Madafu ni mazuri mpaka Muheza na kidogo baada ya hapo, lakini yana sodiamu kidogo, kwa hiyo ayanywe pamoja na kitu cha chumvi: karanga, mihogo ya kukaanga, supu. Akifika Dodoma akalikosa dafu, aachane na kulalamika.

Kipande cha kuwa makini na maji ni baada ya Bahi kwenda Manyoni, na tena kati ya Singida na Igunga. Vituo viko mbali mbali. Awe na lita nne au tano, si mbili.

Nitajuaje kwa simu kwamba joto limemzidi?

Sauti. Usimwulize "uko salama?" kwa sababu jibu ni "niko poa" hata akiwa anaanguka. Mwulize jambo linalotaka kufikiri. Mimi nilikuwa na maswali matatu: kijiji cha mwisho ulichopita kinaitwaje, chupa ya kushoto imebaki kiasi gani, na ukitazama mbele unaona nini. Mtu mzima wa akili anajibu papo hapo: "Nimepita Mkata, nusu, kuna mama anauza maembe na mbwa wake kalala barabarani." Siku moja nikasikia, "Mbele… kuna… barabara." Kimya. Halafu akacheka kicheko ambacho si chake.

Hapo usibishane naye. Mwambie, "Mpe simu aliye karibu nawe." Karibu popote kwenye barabara ile kuna mtu: muuza genge, bodaboda, mtoto anayechunga. Ukimpata huyo, jitambulishe kwa adabu, salamu kwanza hata kama moyo unakudunda, kisha sema mambo machache kwa mpangilio. Mweke kivulini. Mvue shati na viatu. Mmwagie maji mwili mzima, mengi, yoyote yaliyopo hata ya kisimani, na umpepee kwa kanga au kipande cha boksi bila kuacha. Kama kuna pipa au hodhi la maji na watu wa kumshikilia, akae ndani, kichwa nje. Akiwa hajitambui vizuri, asinyweshwe kitu, maji yataingia kwenye mapafu.

Joto la mwili likifika nyuzi 40 na akili ikayumba, hiyo ni dharura inayoua, na kinachookoa ni kumpoza palepale. Gari litafutwe wakati anapozwa, si badala ya kupozwa. Kumkimbiza hospitali akiwa mkavu na amefungwa shuka ni kumpoteza njiani. Panadol haishushi joto la aina hii, kwa kuwa si homa. Namba ya dharura ni 112. Wakati huo huo piga simu kituo cha afya cha karibu. Namba za vituo hivyo unatakiwa kuwa umeziandika mapema kwa kila kipande cha njia, si siku hiyo.

Kama anatoka jasho, kichwa kinamuuma, amechoka na ana kichefuchefu lakini anajibu maswali vizuri, hajafika huko. Kivuli, maji, ORS, miguu juu, na siku imekwisha. Asiendelee hata akisema amepona baada ya nusu saa.

Nimfungashie dawa za maumivu?

Panadol, sawa. Diklofenaki na ibuprofeni aziache; mtu aliyekaukiwa maji akimeza hizo figo zinaumia. Kama ana presha na anatumia vidonge vinavyokojosha, au ana kisukari, akamwone daktari kabla ya kuondoka, amweleze kwa uwazi kwamba anakwenda kukanyaga juani wiki tatu. Na homa ikimpanda jioni na kutetemeka, asijiambie ni jua la mchana. Apime malaria.

Radi za Dodoma na Singida ni kali kama wanavyosema?

Ni kali, na barabara yenyewe iko wazi, hakuna kilichosimama juu zaidi ya mwendesha baiskeli isipokuwa mbuyu. Na mbuyu ndiyo mahali pabaya pa kujificha. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde kama tatu, kwa hiyo akiona mwanga ahesabu: ngurumo ikifika kabla ya sekunde thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kumfikia. Aingie kwenye nyumba yenye kuta na paa, au ndani ya gari lililofungwa milango. Malori yakisimamishwa kwa adabu husimama. Kibanda cha nyasi cha mchunga ng'ombe hakimkingi. Akikosa vyote, aiache baiskeli mbali, ashuke mahali pa chini pasipo na maji, achuchumae miguu ikiwa pamoja. Na baada ya ngurumo ya mwisho asubiri nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo inayowashinda wanaume wengi.

Mvua za huko kwa kawaida huja mchana na jioni, sababu nyingine ya kumaliza kazi asubuhi.

Na mafuriko?

Karatasi imeshasema: maji yanayopita juu ya barabara hayavukwi. Maji ya kina cha sentimita 15 yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kulifanya gari dogo lielee. Usimsikilize anayesema wenyeji wanavuka. Wenyeji wanajua shimo liko wapi. Machi 2020 mvua ilikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma pale Kiyegeya, wilaya ya Gairo, tena ya lami, na malori yote yakabaki foleni. Na wale wanaotaka kupitia Arusha na Babati wakumbuke Katesh, Desemba 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka juu ya mji na kuua watu wengi. Likitangazwa onyo la mvua kubwa, anakaa gesti anaosha nguo. Wewe ndiye unayesoma onyo, wewe ndiye unayempigia.

Baridi? Tanzania?

Gairo na Singida ziko juu, na upepo wa Singida unajulikana. Mtu aliyelowa mvua saa kumi jioni, tumbo tupu, upepo unampiga, anatetemeka kweli. Koti la mvua jepesi na sweta moja kwenye mfuko wa plastiki usioguswa mchana. Basi.

Nimfuate na gari?

Kama mnalo na mna dereva wa pili, sawa, lakini kumfuata nyuma kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa ni kuhatarisha gari na yeye pia, malori yanakuja nyuma. Ni afadhali gari litangulie kilomita 20 au 30 lisubiri kivulini na maji.

Asiye na gari asijione ameshindwa. Panda basi ukamkute. Tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, kwa hiyo unaweza kushuka basi Morogoro, ukakaa naye usiku mmoja, kisha ukaenda kumsubiri Dodoma kwa treni yeye akiwa bado Kibaigwa. Mimi napendekeza Dodoma kuliko Mwanza. Mwanza anafika na furaha yake, atapokelewa na yeyote. Dodoma yuko katikati, matako yamechubuka, hamu imekwisha, na hapo uso wa mkewe, kaptula safi na mkate wa kumimina kutoka nyumbani vina kazi kubwa.

Simu tunapangaje?

Mara tatu: akiondoka, saa tano akiwa kivulini, na akifika. Ujumbe mfupi unatosha isipokuwa ule wa saa tano, huo ni wa sauti kwa sababu niliyoieleza. WhatsApp inakuruhusu kuona alipo kwa saa nane mfululizo, lakini inakula chaji, na ukianza kutazama kile kidoti kila dakika utaungua wali. Mkubaliane pia kimya kina maana gani: akipitisha saa mbili bila neno, unampigia, tatu, unapigia gesti anayotarajiwa, nne, polisi wa eneo hilo. Ukiwa na mpangilio huo unalala. Laini mbili za mitandao tofauti, na pawabenki iliyojaa.

Pesa?

Kidogo mfukoni, nyingine kwenye simu, na akiba ya nauli ya basi na hospitali ubaki nayo wewe. Usimwambie ipo kiasi gani.

Ajue nini kuhusu ufundi?

Mpelekeni kwa fundi mnayemwamini siku chache kabla, si jana yake. Kisha mwambie avue tairi mbele yako, azibe pancha, alirudishe. Kama dakika kumi na tano zinapita anapigana na rimu, bado hajawa tayari kwa Dodoma, ambako miiba ya migunga haina huruma na kila siku unaweza kuziba mara mbili. Tyubu mbili za akiba zifungwe kwenye kitambaa, maana zikisuguana na spana kwenye mfuko zinatoboka kabla hazijatumika. Gundi ya viraka iwe mpya. Ile ya mwaka jana ukiiminya inatoka upepo. Spoku chache, kipande cha mnyororo, waya wa breki. Kuhusu gia sitasema kitu, wao wenyewe hawaelewani.

Ramadhani ikimkuta njiani?

Miaka hii inaangukia Februari, kwa hiyo linaulizwa sana. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku baadaye. Iko katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Masharti yake, umbali na siku za kukaa mahali, mwulizeni sheikh wenu kabla ya safari ili asianze kujiuliza akiwa Manyoni. Wapo wanaokanyaga kilomita chache kati ya alfajiri na saa tatu na kufunga. Kwenye joto hili mimi siungi mkono, na aliyejikaza hadi kuzimia hajamsaidia mtu.

Nyumbani kukitokea tatizo, nimwambie?

Inategemea, na saa ya kusema ni muhimu kuliko jambo lenyewe. Bomba limepasuka, mwenye nyumba anadai, mtoto kafukuzwa ada: umalize mwenyewe au kwa kaka yake, umwambie jioni akiwa ameshakula kama umeona ni lazima. Asubuhi usimwambie, atakanyaga barabara ya malori huku kichwa kiko Tanga. Ugonjwa mkubwa wa mtoto au msiba mwambie, lakini akiwa ameketi, amesimamisha baiskeli, na ukiwa umeshajua basi gani linatoka hapo alipo saa ngapi. Kumficha msiba wa mzazi ili amalize safari yake hakutasamehewa.

Mama mkwe anasema nimemwachia mwanawe aende kufa. Majirani wanasema kanikimbia.

Majirani waache, watachoka. Mama mkwe mpe kazi. Mpigie wewe kila jioni, "Shikamoo mama, mwanao kafika Gairo, kala ugali na kuku", kabla hajapata habari kwa mtu mwingine. Mwombe akufanyie visheti na kashata za kumtumia kwa basi. Mtu mwenye jambo la kufanya analaumu kidogo.

Nina swali la aibu.

Nalijua, mnaniuliza kwa kunong'ona. Ndiyo, kukaa kwenye kiti cha baiskeli siku nzima kunabana mishipa ya huko chini, na anaweza kupata ganzi. Mara nyingi inaondoka yenyewe kwa kurekebisha kiti: pua yake isielekee juu, kimo kisiwe kirefu mno, na asimame juu ya pedali kila baada ya dakika kumi hivi. Ganzi ikibaki baada ya siku kadhaa za kupumzika, aende kwa daktari bila kuona haya. Ganzi ya vidole vya mkono, kidole cha mwisho na cha pembeni yake, inatokana na kuegemea usukani, abadilishe mshiko.

Mapaja na makalio yanachubuka kwa jasho na vumbi. Kaptula mbili zinazofuliwa kila jioni kwa zamu, mafuta ya mgando asubuhi, na zisivaliwe zikiwa mbichi.

Anayeondoka ni mke, mimi ndiye mume. Kuna tofauti?

Tanga mwanamke juu ya baiskeli si kioja, lakini akipita Chalinze ataangaliwa. Joto ni lilelile na karatasi ni ileile. Ongeza haya: gesti ujue kabla ya saa kumi, na upige uongee na mhudumu, si na yeye tu. Mahali pasipo na gesti aende kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, ajitambulishe, aombe kulala kwa familia. Hijabu iwe ya kitambaa chepesi cha pamba, na ya pili ya kulowanisha maji. Wewe jifunze kupika na usimpigie saa tano kuuliza chumvi iko wapi. Simu ya saa tano ina kazi yake.

Amepiga simu usiku analia, anataka kuacha. Nimwambie nini?

Kwanza, amekula? Halafu, asiache safari usiku. Tulikubaliana kwamba hakuna anayeacha safari gizani au tumbo tupu. Alale, anywe chai, akanyage kwa saa moja asubuhi, na akitaka kuacha baada ya hapo apande basi na atapokelewa kwa pilau. Mara nyingi hapigi tena. Lakini sikiliza kinachomliza. Mtu anayelia kwa uchovu analala. Anayesema hajakojoa tangu asubuhi, au kifua kinambana, huyo anatafutiwa hospitali usiku huohuo.

Na mimi nikitaka arudi?

Jiulize kama kuna kitu kwenye karatasi kimevunjwa. Kama kimevunjwa, sema "panda basi" na usiongeze maelezo. Kama hakijavunjwa, una upweke. Mpigie shoga yako.

Akishafika Mwanza, baiskeli inarudije?

Kwenye buti la basi. Avue pedali, ageuze usukani ulingane na fremu, apunguze upepo wa matairi, na afunge upande wa mnyororo kwa boksi kuukuu ili grisi isichafue mizigo ya watu. Bei ya mzigo akubaliane na kondakta kabla haijapakiwa, si Segera wakati wa kushuka. Na aombe ipakiwe ya mwisho, juu ya magunia, maana ikipakiwa ya kwanza rimu itafika imepinda.